Kinachokwamisha mashirika kufanya kazi pamoja kipindupindu kikizuka Nairobi

Mlipuko ukitokea, lawama huwa kwamba mashirika hayapatani. Mara nyingi yanapatana vizuri tu. Kinachokosekana ni makubaliano yaliyoandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kupatikana.

Chukua orodha ya wagonjwa. Kliniki ya shirika huandika "Mukuru", kituo cha serikali huandika wadi, maabara huandika nambari ya sampuli peke yake. Lakini Mukuru ni mtaa mpana wa mabanda: sehemu zake za Kwa Njenga na Kwa Reuben ziko Embakasi Kusini, na Viwandani iko Makadara. Matokeo yake mgonjwa mmoja huhesabiwa mara mbili, na anakochota maji hakuna ajuaye. Fomu iwe moja kwa wote: kijiji, mahali pa kuchota maji, nambari moja ya kufuata sampuli, na tarehe dalili zilipoanza. Tarehe hiyo isichanganywe na ya kulazwa. Dalili za kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa, hivyo kosa la siku 2 latosha kuwapeleka wachunguzi kwenye chanzo kisicho sahihi.

Githurai ni mtihani mwingine: Githurai 44 iko kaunti ya Nairobi, Githurai 45 iko kaunti ya Kiambu. Huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo mkazi wa 45 akitibiwa 44, kila upande hudhani mwenzake amekwenda kukagua nyumbani. Kaunti iliyompokea iarifu siku hiyohiyo. Anakoishi ndiko wafuatilie.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo imegeuzwa kisingizio. Inaruhusu taarifa za afya zitumike kwa ajili ya afya ya umma, mradi anayezishughulikia anafungwa na wajibu wa kutunza siri. Cha kuandika mapema ni nani anaona majina, nani anaona jumla tu, na taarifa zinafutwa lini.

Kisha kuna pesa. Ufadhili huja na masharti yake, basi mashirika matatu yanagawa vidonge vya klorini na hakuna mwenye bajeti ya mafuta ya gari la sampuli. Kinyesi cha kupimwa kisichotiwa kwenye Cary-Blair, kihifadhi cha kusafirishia sampuli, chapaswa kufika maabara ndani ya saa 2. Kwa msongamano wa Barabara ya Jogoo jioni, hilo ni bahati nasibu. Kikihifadhiwa humo hudumu siku 7 bila friji. Kwa hiyo vihifadhi vigawiwe kila kituo mapema, na shirika moja litajwe kwa jina kuwa ndilo la usafiri, pamoja na nambari ya simu ya dereva na ya naibu wake.