Kujitafuta Google kwa jina lako si kipimo: dhana potofu na ukweli kuhusu tovuti kuonekana

Juzi mteja mwenye karakana ya fanicha Keko, Dar es Salaam, alinikatiza katikati ya maelezo. Akatoa simu, akaandika jina la kampuni yake Google, akanionyesha. "Unaona, kaka? Tupo wa kwanza. Sasa mbona wateja hawapigi?" Huyo ni wa tatu mwezi huu, na kila mara inanibidi nianze upya.

Dhana: "Nimejitafuta, nipo juu kabisa"

Ukiandika jina la biashara yako, Google haina mwingine wa kumweka juu. Jina ni lako, liko kwenye anwani ya tovuti, liko kwenye kila ukurasa. Kutokea wa kwanza hapo ni kama kuitikia jina lako darasani. Anayelitafuta anakujua tayari: mteja wa zamani aliyepoteza namba ya simu, au wewe mwenyewe. Mtu anayetaka kitanda na hajawahi kusikia habari zako anaandika "bei ya kitanda 5 kwa 6", "kabati la milango mitatu", "fundi sofa Temeke". Huko ndiko watu wanakopambana, na huko karakana ile sikuiona hata kwenye ukurasa wa tano.

Halafu simu uliyoishika si ya mteja. Google huangalia mtafutaji yuko wapi, anatumia lugha gani, na kwa kiasi fulani amekuwa akitafuta nini. Wewe umekaa dukani Keko na tovuti yako umeifungua mara mia. Mtu wa Tegeta akiandika maneno yaleyale anaweza kuletewa orodha nyingine kabisa. Matokeo ya ramani ndiyo hubadilika zaidi, kwa sababu Google huyapanga kwa kuangalia biashara inalingana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Kwa hiyo hakuna namba moja iliyo sawa kwa watu wote. Kuna wastani tu.

Wastani huo uko Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, tena bure. Fungua ripoti ya utendaji: utaona watu waliandika nini, ukurasa wako ulitokea mara ngapi, ulibofywa mara ngapi, na nafasi yake kwa wastani, hadi miezi 16 nyuma. Sasa chuja jina la kampuni litoke. Kinachobaki ndiyo hali yako. Kwa mteja wangu wa Keko yalibaki maneno manne, baada ya tovuti kuwa hewani miaka miwili.

Sababu ilikuwa wazi. Tovuti nzima imeandikwa kwa Kiingereza cha kujinadi, na kichwa cha kila ukurasa ni jina la kampuni basi. Neno "kitanda" halipo popote. Bei zipo, lakini zote ziko ndani ya picha za vipeperushi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Instagram. Google ya leo inajua visawe na inasamehe makosa ya tahajia, lakini usitegemee ikusomee bei iliyochorwa juu ya picha ya sofa. Bei iandike kama maandishi, chini ya picha.

Ushauri wangu ni mmoja, na nitaurudia hadi usikike. Kabla hujamlipa mtu yeyote akufanyie utafiti wa maneno muhimu, yaani maneno ambayo wateja huyaandika Google, chukua simu ya dukani, fungua WhatsApp, na unakili swali la kwanza la kila mmoja wa wateja wako 50 wa mwisho. Usilinyooshe. Kama ameandika "kitanda cha mninga sh ngapi", liache hivyo hivyo. Maswali yanayojirudia ndiyo kurasa zako: swali liwe kichwa, kisha jibu kamili, yaani bei au kiwango cha bei, vipimo, aina ya mbao, siku za kusubiri, gharama ya kupeleka mzigo. Na jibu kwa Kiswahili kama wanauliza kwa Kiswahili! Hapa ndipo ninapobishana sana na wenye biashara, kwa kuwa wengi wanaona Kiswahili kinashusha hadhi ya tovuti. Mteja wako anauliza kwa lugha hiyo, na kurasa nzuri za kumjibu bado ni chache. Kama una wateja wa hoteli wanaotaka Kiingereza, watengenezee kurasa zao pembeni.

Mengine, kwa kifupi

"Nikilipia matangazo, Google itanipandisha na kwenye matokeo ya kawaida." Haikupandishi. Ni vitu viwili tofauti, na tangazo hutoweka siku pesa inapoisha. Lilipie kama unahitaji wateja wiki hii.

"Kuna jamaa ananiuzia viungo (link za tovuti nyingine zinazoelekeza kwangu) 5,000 kwa laki moja." Achana naye. Tangu Larry Page na Sergey Brin waanzilishi wa Google, walipoanza na PageRank, njia yao ya kupanga kurasa kwa viungo, pale Stanford, kiungo kimehesabiwa kama kura, na uzito wa kura unategemea nani ameipiga. J.C. Penney, kampuni kubwa ya maduka Marekani, iliporomoshwa kwenye matokeo ya Google Februari 2011 baada ya New York Times kufichua maelfu ya viungo vya kupandikiza vilivyoelekezwa kwake. Mwaka uliofuata ikaja Penguin, sasisho la Google, kuvisaka viungo vya aina hiyo. Kiungo kimoja kutoka hoteli uliyoitengenezea vitanda nakithamini kuliko hivyo 5,000.

"Nimehakikishiwa namba moja ndani ya wiki mbili." Google yenyewe inasema hakuna awezaye kuihakikisha nafasi hiyo. Kazi nzuri kwa kawaida huonyesha matunda kati ya miezi minne na mwaka.

"Nimejaza maneno muhimu kwenye ile tagi ya keywords, iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa." Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Nakutana nayo kila wiki, ina maneno 60.

"Google imenifungia." Mara nyingi hakuna aliyekufungia. Kama tovuti imejengwa kwa mfumo wa WordPress, ingia kwenye mipangilio ya usomaji uangalie kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji. Mtengenezaji hukiwekea tiki wakati wa ujenzi, kisha anakabidhi kazi bila kukiondoa. Toa tiki, hifadhi, halafu omba ukurasa upitiwe upya kupitia Search Console.