Utakasaji wa vifaa vya tiba: tunayoambizana na yaliyo kweli

Mkasi uliokata kitovu usiku utakata kingine alfajiri. Ndivyo zinavyofanya kazi zahanati na vituo vingi vya afya vya Tabora na Kigoma, wala hakuna ubaya: mkasi wa chuma umetengenezwa utumike tena na tena. Mambo huharibika hapo katikati, kwenye chumba chenye sinki, ndoo na otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo, ambako mara nyingi aliye kazini alielekezwa na aliyemtangulia, na huyo naye alielekezwa vivyo hivyo. Maelekezo yakipita mdomo kwa mdomo, mengine hufika yamepinda.

"Kwanza loweka kwenye klorini"

Hii ina mizizi mirefu kwa sababu haikuzuliwa na mvivu, ilifundishwa darasani. Wauguzi wengi walio kazini leo walikariri kwamba kifaa kikishatumika kitumbukizwe kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo kioshwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unakataa kuloweka kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuosha. Klorini ikikutana na damu huisha nguvu, kwa hiyo ndoo iliyopokea vifaa vya wajawazito watatu tangu asubuhi haina dawa ya maana tena. Pia inakula chuma, na vishimo vya kutu inavyoacha ndiyo maficho mapya ya uchafu. Mbaya zaidi, mwoshaji hudhani hatari imeshaondoka, akaingiza mikono bila glavu nzito.

Kinachotakiwa ni damu isikauke. Funika vifaa kwa kitambaa kilicholowa maji, vipeleke kwenye sinki, vioshwe mapema. Klorini, yaani jiki, ibaki na kazi yake halali ya kufutia damu iliyomwagika sakafuni na mezani.

"Damu kidogo si neno, otoklevu itamaliza"

Mvuke huua unachokigusa. Damu iliyoganda kwenye bawaba ya koleo hukinga vijidudu vilivyo chini yake, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi. Mtu akiniuliza hatua ipi isirukwe kamwe, nitataja sinki kabla ya mashine. Maji yawe ya vuguvugu, kwa kuwa ya moto sana hugandisha damu kwenye chuma. Tumia sabuni ya maji na brashi laini, usitumie steelwire, maana inakwaruza. Kifaa kifunguliwe, kinachoachana kiachanishwe, na kisuguliwe kikiwa ndani ya maji ili matone yasiruke usoni. Kisha suuza na ukaushe.

"Maji yakichemka, kifaa kimetakasika"

Baadhi ya bakteria, akiwemo wa pepopunda, hujifungia kwenye ganda gumu liitwalo spora, na spora zinaweza kustahimili maji yanayochemka. Kwetu hata hayo maji hayafiki digrii 100. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye digrii 96 hivi. Kigoma mjini, kando ya ziwa, ni kama 97.

Kuchemsha dakika 20 mfululizo, kifaa kikiwa kimezama chote na bila kuongeza kingine katikati, kunatosha kwa spekulamu, kifaa cha kupanulia uke wakati wa uchunguzi, ambayo hugusa utando wa ndani tu. Kinachokata ngozi au kuingia mwilini, kama mkasi wa kitovu na vifaa vya kumtoa mtoto kwa upasuaji, lazima kitakaswe kwa mvuke wenye shinikizo au kwa joto kavu: digrii 170 kwa saa 1, au 160 kwa saa 2. Kupitisha koleo kwenye moto wa spiriti hakumo katika orodha hiyo. Kunaharibu chuma, basi.

"Geji imefika 15, anza kuhesabu"

Geji hupima shinikizo, na kinachoua vijidudu ni joto la mvuke. Vitabu vinasema pauni 15 kwa inchi ya mraba ni digrii 121, na ni kweli ukiwa Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari. Tabora, ambako hewa ni nyepesi, pauni hizo 15 hutoa kama 119. Kufikia 121 unahitaji karibu 17, ilimradi mashine imeundwa kubeba shinikizo hilo. Otoklevu yenye kipimajoto inakuondolea hesabu hii.

Tatizo la pili ni hewa iliyobaki ndani. Ukifunga vali mapema, geji itasoma 15 vilevile, lakini nusu ya hewa ikiwa haijatoka joto litakuwa 112 hivi. Acha mvuke utoke kwa nguvu mfululizo ndipo ufunge, na uhesabu dakika kuanzia joto linapofika, si tangu ulipowasha jiko. Vifaa vilivyofungwa kwa kitambaa ni dakika 30, visivyofungwa 20. Umeme ukikatika katikati, anza upya. Najua inauma, hasa foleni ikiwa ndefu, lakini dakika za nyuma hazijumlishwi.

"Utepe umebadilika rangi, toa"

Utepe wa kiashiria unaobandikwa juu ya fungu la vifaa unasema nje ya fungu pamepata joto. Kuhusu katikati ya dramu, lile kopo la chuma la kutakasia vitambaa, iliyoshindiliwa mashuka, hausemi lolote. Ndiyo maana huwekwa kiashiria kingine ndani ya fungu, na mara moja kwa wiki inashauriwa kupima kwa spora hai za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili sana joto: zikifa, mashine inafanya kazi. Na usitoe fungu bichi: kitambaa chenye unyevu hunyonya vijidudu kutoka mikononi mwako. Liache likauke ndani. Likishakauka na kutunzwa vizuri, halioozi kwa kufuata kalenda. Linaharibika likilowa, likichanika, au likianguka sakafuni.

"Kazi hii anaweza yeyote"

Semina ikitangazwa mkoani, anayeondoka na begi mara nyingi ni mfawidhi, mkuu wa kituo, na anayebaki kwenye sinki ni mhudumu wa afya. Apelekwe mhudumu, na arudi kwenye sinki hilohilo, asihamishiwe wodini mwezi unaofuata. Mafunzo yenyewe yafanyike kwenye otoklevu ya kituo chake, hata kama ni ile ya kuwekwa juu ya jiko la mkaa, kwa sababu mashine ya ukumbini itabaki ukumbini. Apewe glavu nzito, aproni, kinga ya macho na daftari la kuandika kila mzunguko: tarehe, vilivyowekwa, saa joto lilipofika, saa lilipozimwa, kiashiria kimesema nini, na sahihi yake. Na akisema, "Sista, hili fungu silitoi, halijaiva," daktari aliyekwisha kuvaa glavu asubiri.