Dola ndani ya pakiti ya chumvi

Ukitoka Malindi kuelekea Garsen, ukifika Gongoni utaanza kuyaona mashamba ya chumvi upande wa bahari, mpaka Marereni na mbele yake. Kazi ni ile ya siku zote: maji ya bahari huingizwa mabwawani, yakahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyakausha, mpaka chumvi ikaganda na kukusanywa. Bahari ni yetu na jua ni letu. Ndiyo maana kila nikifundisha kuhusu bei ya dola huku Pwani, mtu hunyoosha mkono: sisi linatuhusu nini?

Linatuhusu sana. Pampu na matrekta hunywa dizeli, na dizeli hununuliwa ng'ambo kwa dola. Mnamo Septemba 2023 lita ilivuka shilingi 200 Nairobi; bei ya mafuta duniani ilipanda, na shilingi iliyodhoofika ikazidisha uzito. Iodini ambayo sheria inataka itiwe katika chumvi ya mezani huagizwa kutoka nje. Hata pakiti yenyewe: Kenya haitengenezi malighafi ya plastiki, huja kwa meli.

Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113. Januari 2024 ikafika karibu 160. Mwezi uliofuata serikali ilikopa dola bilioni 1.5 na kulipa mapema sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni. Hofu kwamba serikali ingeshindwa kulipa ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi takriban 132.

Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini mwenye kiwanda huumizwa na kule kuyumba kwenyewe, hata shilingi inapoyumba kwa kupanda.

Tuchukue fundi wa boti za faiba Lamu. Januari ile ananunua resini, ile gundi ya majimaji inayoganda, na nyuzi za faiba za thamani ya dola 2,000, yaani shilingi 320,000. Kazi inamchukua miezi miwili. Boti inapokamilika, fundi wa pili ananunua vifaa vilevile kwa 264,000 na kumtajia mteja bei ya chini. Hizo 56,000 za tofauti pengine ndizo zilizokuwa faida yote ya fundi wa kwanza. Hakupima vibaya, hakupoteza kitu.

Wapo watakaomwambia: nunua akiba dola inaposhuka. Aliyewahi kushika resini hasemi hivyo. Ikishatiwa dawa ya kugandisha, fundi ana dakika chache tu za kuisugua kwenye nyuzi kabla haijawa jiwe. Na hata kabla ya dawa, ikikaa ghalani miezi katika joto la Lamu huanza kuwa nzito na kuharibika.

Wengine hunufaika shilingi inapoanguka. Mchonga vinyago wa Malindi anayemuuzia Mwitaliano kwa yuro, huku mti na mikono ni vya hapa, hupata zaidi. Sharti ni gharama zake ziwe za shilingi kweli. Akinunua vanishi na msasa wa kutoka nje, nafuu hiyo hupungua.

Kiwanda kikubwa kinaweza kuafikiana na benki leo bei ya dola kitakazozinunua baada ya miezi mitatu. Huduma hiyo ipo, ila fundi mdogo ni nadra kuipata, na kwangu mimi hilo ni pengo ambalo benki zetu zingepaswa kuliziba. Kwa sasa, kinga yake ni ile karatasi ya makadirio anayompa mteja. Aandike tarehe, bei ya dola aliyohesabia (ile anayouziwa na benki, ambayo huwa juu kidogo ya ile inayotangazwa na Benki Kuu), na idadi ya siku ambazo bei yake itasimama. Kisha achukue malipo ya kwanza yanayotosha resini yote, na ainunue siku hiyohiyo.