Si lazima mle chungu kimoja, wala si lazima mpike viwili

Wengi huamini kwamba wenzi wenye ulaji tofauti wana njia mbili tu: mmoja amfuate mwenzake, au wapike vyungu viwili kila siku. Si kweli. Chakula kingi huwa kimoja mpaka dakika za mwisho. Pika mchuzi wa nyanya na maharage, ukiiva, ugawe. Nusu ibaki hivyo, nusu itiwe nyama iliyokaangwa pembeni. Kila sufuria na mwiko wake, tafadhali, maana hapo ndipo ugomvi huanzia.

Dhana ya hatari zaidi ni kwamba kila kitu kinaweza kukatwa nusu kwa nusu. Upendeleo wa chakula, sawa. Ugonjwa, hapana. Mwenye mzio wa karanga hana "kidogo tu", na mwenye ugonjwa wa siliaki (mwili usiostahimili gluteni, protini ya ngano) hudhurika hata na chembe za mkate zilizobaki kwenye kibao cha kukatia. Hapo anayelegeza ni yule mwingine, bila kinyongo.

Naye asiyegusa kabisa vitokanavyo na wanyama apate vitamini B12, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye vyakula vya wanyama, kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mwenzake akijua jambo hilo limeshughulikiwa, maswali mezani hupungua.