Silikoni Nyingi Haizuii Oili Kuvuja

Gereji nyingi hapa Nakuru zinaamini injini iliyofungwa upya ikivuja, dawa ni kuongeza silikoni, ile gundi ya kuziba maungio. Sivyo. Ikizidi hujikamua hadi ndani, ikakatika vipande na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini uliyoihangaikia miezi hufa.

Osha injini, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto, iache ingurume dakika kumi, kisha mulika tochi: poda iliyolowa itakuonyesha njia. Tone la chini ya sampu, karai la oili chini ya injini, mara nyingi limeteremka kutoka kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya injini. Kagua pia bomba la injini la kupumulia. Likiziba, presha ya ndani husukuma oili hata kupitia sili, pete ya kuzuia oili, ambayo bado ni nzima. Na MGB za mwanzo, magari ya michezo ya Kiingereza ya 1962 hadi 1964, hazikuwa na sili ya mpira nyuma ya krankshafti, mhimili mkuu wa injini. Tone moja hapo, tafadhali msimlaumu fundi.