Mpira wa tyubu haukazi mzigo vile unavyodhani

Wasafiri wengi wa pikipiki huamini kwamba mpira wa tyubu ukivutwa hadi mwisho, begi halitoki. Shida ni kwamba mpira hunyumbuka. Pikipiki ikiruka tuta, begi hunyanyuka, mpira hulifuata, kisha hulirudisha likiwa limesogea upande. Barabara ya vumbi ikiendelea hivyo, begi huishia kuegemea ekzosi, au ncha ya mpira huning'inia karibu na mnyororo. Ikinaswa pale, gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla, na habari ya begi inakuwa ndogo.

Kinachoshika ni mikanda ya nailoni isiyonyumbuka, yenye bizimu, angalau miwili, ifungwe kwenye keria au fremu. Si kwenye indiketa, ingawa watu hufunga hapo! Mpira ubaki wa kubania koti la mvua juu. Vitu vizito viwe chini, karibu na kiti. Baada ya kilomita chache simama ukaze tena, maana nguo hushindiliwa na mtikisiko na mkanda hulegea.

Kwa mwizi, mkanda wowote ni kazi ya wembe. Hata ukanda wa kidevuni wa helmeti hukatwa, kwa hiyo ukiegesha, ondoka nayo mkononi.