Cheti cha ubatizo kutoka Kongo: kitafutwe wapi, na kwa nini hakipatikani Kinshasa

Wengi wanaopotelewa na cheti cha ubatizo huandikia Kinshasa, wakiamini Askofu Mkuu wa huko ndiye mkuu wa Wakatoliki wote wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sivyo. Kila askofu huongoza jimbo lake na kuwajibika kwa Papa. Majimbo yamegawanywa katika kanda sita zenye majimbo makuu Kinshasa, Mbandaka-Bikoro, Kisangani, Kananga, Lubumbashi na Bukavu, lakini hata Askofu Mkuu wa Bukavu haendeshi shughuli za majimbo ya Goma wala Uvira yaliyo katika kanda yake. Baraza la Maaskofu, CENCO, husemea mambo ya nchi nzima. Halitunzi madaftari ya parokia.

Mpangilio huu ulianzishwa na Papa Yohane XXIII tarehe 10 Novemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru. Kabla ya hapo kila eneo lilikuwa mikononi mwa shirika la wamisionari: Wascheut waliofika 1888, Wajesuiti Kwango, Mapadre Weupe kando ya Ziwa Tanganyika. Huko Baudouinville ndiko Stefano Kaoze alikopewa upadre mwaka 1917, padre Mkongo wa kwanza wa zama hizi.

Cheti hutolewa na parokia ulikobatizwa, hata kama umehama miaka mingi. Daftari lake hubeba jina lako, wazazi, wasimamizi, aliyekubatiza, mahali na tarehe. Pembeni huongezwa kipaimara, ndoa, upadre au nadhiri. Ndiyo maana anayefunga ndoa huombwa nakala mpya, kwa kawaida isiyozidi miezi sita: ya zamani haionyeshi kama alishafunga ndoa.

Utafutaji hukwama zaidi kwenye majina. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo kitambulisho kinaweza kusoma jina moja na daftari likasoma Yosefu au Maria. Toa yote mawili, pamoja na ya wazazi. Miji nayo ilibadilishwa: Stanleyville ni Kisangani, Coquilhatville ni Mbandaka, Baudouinville ni Moba. Na parokia ikigawanywa, daftari la zamani hubaki parokia mama, anza hapo.

Daftari likiwa limeungua vitani, usikate tamaa. Kanuni ya 876 ya Sheria za Kanisa inakubali tamko la shahidi mmoja wa kuaminika, mradi hakuna anayedhurika. Mama au msimamizi anatosha. Aliyebatizwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe. Mkimbizi aliyeko Nyarugusu, Tanzania, amwone paroko wa hapo, achukue tamko hilo kwa maandishi na kuwasiliana na ofisi ya kansela, mtunza nyaraka wa jimbo, katika jimbo lake la Kongo. Shaka ikibaki baada ya uchunguzi wa kweli, hapo ndipo mtu hubatizwa kwa sharti, yaani “kama hujabatizwa”, na kuandikwa upya.